Gari la Marehemu Shomari

Sikudhani alikuwa amezunguka yadi zote za mji akitafuta gari lenye kasi la kushindania mbio za mlimani, na kila alilolipenda lilimshinda bei. Mwishowe alielekezwa kwa Bi Mwanjaa, mjane wa Shomari, aliyekuwa dereva wa mashindano. Gari la marehemu lilikuwa uani, rangi imechujuka, kuku wamelala juu ya boneti.

"Wengine wanataka kulifungua wauze vipuri," alisema mjane. "Wewe je?"

"Mimi nataka kulikimbiza, mama."

Bi Mwanjaa akawafukuza kuku, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Tangu maradhi yamchukue mumewe, hakuwa amelipanda.

Injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma hadi madirisha ya nyumba yakatetemeka. Walipofika mlimani, Sikudhani akaendesha taratibu, kwa heshima.

Mjane akakaza mkanda. "Bei tutaelewana, mwanangu. Lakini ukiendesha hivi, sikuuzii."

Sikudhani akakanyaga mafuta. Kona ya kwanza ikawajia mbio, na Bi Mwanjaa, mtandio ukipepea dirishani, akaanza kucheka.