Bukari ya Mfungwa wa Buluo

Mfungwa aliyepelekewa bukari ile, ugali kwa samaki, hakuwa gerezani Buluo, wala hakuwa popote duniani. Directeur Déogratias alimbuni asubuhi ile ile, mkewe alipomuuliza anakwenda wapi na suti siku ya mapumziko. Ulimi uliteleza ukamzaa binamu, na binamu akafungwa papo hapo.

"Alifanyaka nini?" Philomène aliuliza, akifunika bakuli kwa kitambaa.

"Alidanganyaka batu."

"Banani?"

"Bote."

"Masikini," alisema Philomène, akafunua tena bakuli na kuongeza samaki.

Njia nzima Déogratias alilipakata bakuli lile nyuma ya pikipiki, na aibu ilimuunguza kuliko bukari yenyewe. Alikuwa anakwenda Buluo kufanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari kama autodidacte, yaani mtu aliyejisomea mwenyewe bila kukaa darasani. Yeye, mkuu wa shule ya msingi mjini Likasi, ambaye wazazi humvulia kofia barabarani.

Ujanani alianguka mtihani huo. Mjomba wake akamtafutia diploma ya uongo katika kichochoro kimoja cha Lubumbashi, ya kusogezea siku tu. Siku zikasogea, mwalimu akawa Directeur, na Philomène akawa Mama Directeur hata kwa wauza samaki. Sasa wakaguzi walikuwa wametangaza kwamba diploma zote zitahakikiwa Kinshasa. Akifaulu leo, angekuwa na diploma ya kweli ya kuwaonyesha. Asipofaulu, angefukuzwa, na Philomène angejua ameishi na mtu wa namna gani miaka yote hiyo.

Alichagua kituo cha Buluo kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia mlangoni mwa darasa.

"Bonjour, Directeur."

Alikuwa Cathy. Mwaka uliopita alifundisha darasa la kwanza shuleni kwake, na siku akiugua watoto walikuwa wakimlilia. Alifukuzwa kwa kukosa diploma. Aliyelivalia njuga jambo lile alikuwa mwalimu Ghislain wa darasa la sita, mtu wa tai na rula, aliyeogopwa na shule nzima, Directeur akiwa wa kwanza. Kwenye mkutano wa walimu Ghislain alisimama akasema, "Darasa haiko ya kila muntu. Mwenye hana diplôme, aende kuuzisha makala ya kupikia." Déogratias, na diploma yake ya kichochoroni, alitia sahihi Cathy aondoke. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa Cathy alisimama mbele yake na kalamu mkononi, bila kinyongo usoni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mutatusimamia leo?" aliuliza, akapangusa kiti cha msimamizi kwa ncha ya kitenge chake. "Mukae, Directeur. Hata chakula mulituletea? Mungu abariki."

Darasa zima lilisimama kumpa heshima: vijana wachimbaji wenye vumbi kwenye nyusi, mama mmoja na mtoto mgongoni. Kiti kilikuwa pale, safi. Angeweza kukaa, akakohoa kikubwa, kisha akaondoka kabla msimamizi mwenyewe hajafika. Hakuna ambaye angejua. Lakini kikohozi hakiwatishi wakaguzi, na mficha uchi hazai. Alimpa yule mama bakuli, akaenda kutafuta namba yake iliyoandikwa kwa chaki.

Ilikuwa kwenye benchi ya Cathy.

"Miye pia nakuya kufanya mutihani," alisema, akiangalia viatu vyake.

Cathy hakucheka. Alimtazama mpaka akaelewa, kisha akasogeza kalamu yake ampishe. Déogratias alikaa, magoti yakigonga ubao. Aliona haya kama mtoto aliyekojoa mbele ya wageni.

"Cathy, ile siku..."

"Tuandike kwanza, Directeur."

Ndipo alipomwona Ghislain uani. Tai ile ile, rula ile ile kwapani, akizungumza na mkuu wa kituo. Walimu wa mjini hutumwa kusimamia vituo vya nje. Jambo hilo Déogratias alilijua fika, na hakulifikiria hata kidogo wakati wa kujiandikisha. Kabla ya misa ya Jumapili Likasi nzima ingekuwa na habari, na Philomène angeisikia sokoni, mbele ya watu. Aliangalia dirisha. Halikuwa na vyuma, na angeweza kulipita. Kisha akafikiria samaki wale aliowaongeza mkewe kwa huruma, akashika benchi kwa mikono miwili na kubaki.

Mlango ulifunguliwa. Darasa likasimama tena, na Cathy akainamisha kichwa, kwa maana na yeye hakuyasahau yale ya makala.

Ghislain aliingia, akakiona kiti kilichopanguswa, akakipita. Alitembea polepole katikati ya mabenchi, macho chini, akisoma namba za chaki moja moja, mpaka akawafikia. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Directeur, musogee kidogo," alinong'ona. "Balitutia banc moja."