Jiwe la Bahati la Kanga

Kanga mmoja alishabikia timu ya mpira ya swala wa chuoni, na aliamini kwamba akiinuka tu kwenye jiwe lake kando ya uwanja, timu inafungwa. Siku ya fainali, mechi ikiwa bado sare, mawingu yakatanda, na nyumbani alikuwa ameacha mayai tisa.

"Mama Kanga, mayai yanapoa," akasema Kobe.

"Najua, jirani! Lakini nikiinuka tumekwisha."

"Kwani wewe ndiye golikipa?"

Kanga akatazama uwanja, akatazama mawingu, mwisho akatimka mbio. Alikuta mayai yamebaki na uvuguvugu kidogo, akayalalia. Mara uwanja ukalipuka kwa vifijo: swala wamefunga!

Mayai yamepona, kombe limepatikana, lakini Kanga alinuna siku tatu. Wameshindaje bila yeye?