Brashi Haikukuta Kitu

Daktari aliweka vifaa viwili mezani: brashi nyembamba kama sindano, na koleo lenye meno madogo kama ya siafu. Baba hakuviangalia. Alikuwa anajikuna mikono, kama kila siku tangu macho yake yageuke njano.

Nikamtafsiria Kiingereza cha daktari. Brashi ya mwezi uliopita ilipapasa juu juu tu ndani ya mrija wa nyongo. Kutokukuta kansa si kusema haipo. Sasa daktari anataka kupitisha koleo mdomoni mpaka huko, ling'ate kinyama kidogo kipimwe.

“Séphora, si walisema hawakukuta kitu?”

“Walisema, papa.”

“Bon, nikashuhudia kanisani kwamba nimepona. Wajomba zako wakatoka Louisville na Columbus. Kanisa yote ya Grant Street iliimba. Donc leo niwaambie nini? Mungu alibadilisha mawazo? Hapana. Twende nyumbani.”

Akasimama, akakaa, akasimama tena, kucha zikikwaruza shingo.

Daktari akaniuliza kama baba amekubali.

Niliitazama damu kwenye kola ya shati jeupe la baba, lile lile la ushuhuda.

“Yes,” nikasema.

Neno hilo baba analijua. Kucha zikatulia shingoni. Akakaa.