Kiti cha Pili

Kodi ya ugeni hutozwa mwenye nyumba pale mgeni wake anapokaa kitini. Mzee Kihwele aliikusanya miaka thelathini na moja, akapanda kutoka karani hadi kamishna wa mkoa. Majirani aliowatoza humsalimu wakiwa barabarani, wakapita zao. Tangu astaafu, miaka minane sasa, kiti chake cha pili hakijakaliwa.

Leo ofisi yake ya zamani ilimtuma mkaguzi. Mtu asiyepata mgeni miaka yote hiyo, walisema, lazima anaficha.

Mzee alichemsha chai ya tangawizi, akapika chapati, akakifuta kile kiti mara mbili.

"Shikamoo, mzee," alisema mkaguzi, binti aitwaye Atupele, akiinama kusoma kipimo cha kuhesabu wageni kilichofungwa chini ya kiti.

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi, unywe chai. Kodi nitalipa."

"Samahani, mzee. Mkaguzi haruhusiwi kukaa."

"Nani kasema?"

Atupele akamwonyesha waraka. Sahihi ilikuwa ya Kihwele mwenyewe.

Binti akaandika kwamba hakuna kilichofichwa, akaaga.

Mzee akamimina chai vikombe viwili, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha pili. Kipimo kikalia, kikahesabu mgeni mmoja.