Chai ya Kuondoa Huzuni

Zama hizo kila mtu alivaa bangili iliyopima damu kwa sayansi ya maabara, kisha ikaeleza majibu kwa lugha ya tiba ya Kichina. Homoni za majonzi zikizidi, iligeuka nyekundu na kusema, "Huzuni imetuama mapafuni," na sheria ilimtaka mwenye nayo anywe chai chungu ya mizizi mpaka mapafu yasafike.

Msichana aitwaye Sikudhani alimkumbuka sana mama yake, Bi Mwanaisha, alivyokuwa kabla ya kunywa chai hiyo. Baba alipofariki, Bi Mwanaisha hakuacha kumwekea ukoko wa wali kwenye sahani ya bati, akimtania, "Haya, mlafi wee, njoo kabla paka hajakutangulia!" Kisha hulia, hukohoa, hucheka, na nyumba ikawa bado ya watu watatu.

Sasa mama amemaliza dozi. Kikohozi kimekwisha na usingizi ni mtamu. Leo aliukomba ukoko wote akawamwagia kuku.

"Mama, na wa baba je?"

"Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema, kama anayemsifu jirani aliyehama. "Mbona wewe umekonda hivyo?"

Sikudhani alivuta ncha ya kanga kuficha bangili yake iliyoanza kuwa nyekundu, lakini mama alikwisha kuiona. Akammiminia chai, akaipuliza kama alivyompozea uji utotoni.

"Kunywa, mwanangu. Haiumi hata kidogo."

Sikudhani alipokea kikombe kwa mikono miwili, akaanza kumkumbuka baba upesi upesi, sauti yake, nyayo zake, kabla chai haijapoa.