Gando la Kushoto

Kaa alimpita Verlyn katikati ya karnivali ya watoto, akirusha vumbi kwa miguu, na Verlyn akasahau kuutafuna mkate wa dengu uliokuwa mdomoni.

Kaa yule alikuwa wake. Yeye ndiye aliyemchora kwa ajili ya katuni ya televisheni: mpiga ngoma za chuma, mcheshi, mwenye sauti mbovu ya kuimba. Katuni yenyewe iliondolewa kabla hata nyimbo zake hazijazoeleka. Watoto hawaitaki, wakubwa wa televisheni walimwambia, na tangu hapo penseli yake ilibaki na kazi ya kubana nywele tu.

Sasa kaa alikuwa maboksi yaliyopakwa rangi nyekundu, na ndani yake msichana mmoja kibogoyo.

Gando kubwa lilikuwa kushoto. Verlyn aliona haya. Katika kipindi cha mwisho, kwa pupa ya kumaliza, aliigeuza michoro kama kwenye kioo, na gando kubwa la kulia likaonekana kwenye televisheni likiwa kushoto.

"Mwanangu, hilo gando si lilikuwa kulia?" alimwita msichana.

"Hapo mwanzo! Kwani shangazi hukuona mwisho? La kulia lilikatika akiiokoa ngoma yake iliyokwama, ndipo la kushoto likakua. Kaa ndivyo walivyo. Hata bibi anajua, na katuni haangalii!"

Kisa hicho Verlyn hakuwahi kukitunga.

Alichuchumaa palepale vumbini, akachomoa penseli, nywele zikamwagika mabegani.

"Hebu nieleze polepole," alisema. "Hiyo ngoma ilikuwa imekwama wapi?"