Maboksi Elfu Moja

Msimamizi alipiga magoti mbele ya Mama Kobe, watu wote wakiona.

"Mama, nakuomba. Ongeza mwendo kidogo tu."

"Inuka, mwanangu, utachafua suruali," alisema Mama Kobe, akaushusha waya kwenye bonge la sabuni taratibu, kama anayemkata mtoto mchanga kucha.

Nyuma yake mapipa ya kupikia yalichemka bila shida. Mbele yake wapiga mhuri na wafungaji walikaa wakipiga soga, mikono mitupu. Na hapo mezani kwake mabonge yalirundikana hadi kumficha uso. Kiwanda kizima kilikuwa kinatembea kwa miguu ya mama mmoja.

Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa ameshasema: "Mwisho wa wiki nataka maboksi elfu moja kwa siku. Tukibaki na haya mia sita, nafunga geti." Msimamizi aliyetangulia alishindwa, akaondoshwa. Huyu wa sasa ndiyo kwanza alikuwa ameingia, yeye na mkewe aliyewekwa kwenye ufungaji, baada ya kusota mtaani mpaka mtoto wao wakampeleka kwa shangazi yake akapate angalau sahani ya jioni. Mtoto alikuwa amerudi nyumbani Jumapili iliyopita. Geti likifungwa, anarudi kwa shangazi.

Zamani, kabla mambo hayajamwendea mrama, msimamizi aliwahi kukaa kwenye semina ya uzalishaji. Alichotoka nacho, ukiacha kalamu ya bure, ni hiki: usihangaike na kiwanda kizima, tafuta pale kazi inapokwama. Saa ikipotea hapo, imepotea kwa kila mtu. Ukiiokoa kwingine, umejidanganya tu. Rundo liko wapi? Basi ndipo hapo.

Akaanza kuuliza kwa nini, na kwa nini tena. Kwa nini meza inachelewa? Kwa sababu inakata hata mabonge yenye mapovu, ambayo baadaye yanatupwa. Akaagiza yakaguliwe kabla hayajafika mezani. Kwa nini meza inasimama mchana? Kwa sababu Mama Kobe anakula. Akamweka mtu wa kumshikia nafasi. Ajabu ni kwamba mtu huyo naye, kijana mwenye mikono kama makasia, akakata kama anaumwa.

Maboksi yakabaki mia sita. Mama Kobe ukimpunguzia mzigo, anaongeza kupumua. Ukimpa msaidizi, wanaanza kusimuliana habari za majirani.

Wakati wa mapumziko msimamizi alimkuta akimsuka mpiga mhuri nywele. Vidole vilipita hata havionekani.

"Mama! Mbona hapo una kasi?"

"Nywele hazina msimamizi," alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Alijiegemeza ukutani. Labda uso wake ulimtia mama yule huruma, maana vidole vilisimama.

"Hivi, mwanangu, sabuni zote hizi zinakwenda wapi?"

"Kwa wateja."

"Umewaona?"

"Wateja ni wa Tajiri, mama. Mimi ni wa humu ndani."

Mama Kobe alimtazama kama anayetaka kuongeza neno. Kisha akautupia jicho mlango wa ofisi ya Tajiri, akarudi kwenye nywele.

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo za mtoto, hakuzirudisha sandukuni wala hakuziweka kabatini. "Nizifungashe?" aliuliza. Msimamizi alivaa viatu vyake tena, akatoka kwenda kwa fundi chuma.

Ijumaa asubuhi aliingia kiwandani amebeba fremu begani, nyaya zimekazwa toka upande huu hadi ule. Akaifunga mezani mwenyewe. Akamvutia Mama Kobe kiti kando ya ukuta.

"Leo pumzika, mama."

"Nitapumzika, baba," alisema Mama Kobe. "Tutapumzika wengi."

Bonge zima lilikatika kwa pigo moja. Kisha jingine, na jingine. Rundo likayeyuka. Wapiga mhuri wakatokwa na jasho, wafungaji wakaomba gundi zaidi, na kabla ya kengele ya jioni maboksi yalikuwa yametimia elfu moja. Msimamizi aliyahesabu tena kwa kuyagusa, kama asiyeamini vidole vyake.

Hakuna aliyeshangilia. Walipanga boksi la mwisho kama watu waliotoka kuzika, wakaenda kunawa bila kumtazama. Wivu tu, alijisemea. Mkewe peke yake ndiye aliyerukaruka na kupiga makofi, na hata Tajiri alipomwita msimamizi ofisini, alimfuata mpaka kwenye kioo cha mlango akiendelea kupiga.

Tajiri alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Elfu moja! Aliyekutangulia aliniapia miaka yote kwamba haiwezekani."

"Nashukuru, Tajiri. Kwa hiyo geti..."

"Geti litafunguliwa Jumatatu kama kawaida. Wateja wangu ni wa maboksi mia sita, hawajazidi hata siku moja. Nilichotaka kujua ni watu wangapi wanatosha kuyatoa." Alimvutia kiti, akamkalisha kwa upole. "Nusu yao na kidogo, au siyo? Na kwa fremu ile, msimamizi wa nini tena? Tuanze na walioingia mwisho."

Nyuma ya kioo, mkewe alikuwa bado anampigia makofi.